Kilo Kumi Nilizomuahidi Mungu

Pamba iliyochumwa asubuhi, kabla umande haujakauka, ina harufu yake: vumbi lililolowa, majani makavu, na kwa mbali ile dawa ya wadudu isiyotoka hata ufanyeje. Msimu ule nyumba yetu yote ilinuka hivyo. Kijijini kwetu, upande wa Bariadi, hakuna aliyekuwa na ghala. Pamba ililala ndani pamoja na watu, chumba kizima mpaka karibu na paa, na sisi watoto tulilala juu yake kama wafalme wanaowashwa. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka mwingine wowote ningelirukia lundo lile hadi nifukuzwe, lakini mwaka ule nililikalia tu na kuhesabu. Boriti za paa, kumi na moja. Nikazirudia, kumi na moja. Kuku wa bibi, tisa. Nikawarudia, wanane, nikatoka mbio kumtafuta wa tisa. Mama alikuwa amepelekwa hospitali mjini, miguu imevimba, mimba ikiwa ya miezi minane, na wakubwa walikuwa wameanza ule mtindo wa kunyamaza kila ninapoingia.

Baba alikuwa akienda na kurudi kwa baiskeli. Nilijifunza kuisoma habari kabla hajafungua mdomo: akiingia amepanda mpaka uani, afadhali; akishuka njiani na kuikokota, mambo si mazuri. Tangu asubuhi masikio yangu yalikuwa barabarani. Chakula hakikushuka. Bibi, niliyebaki naye, alikuwa akinitazama nikifinyanga tonge moja mpaka likapoa. "Ng'wana wane, huo ugali umekukosea nini?" Nilimjibu nimeshiba. Hakuniamini, ila aliunyanyua mchuzi taratibu, akaufunika, akasema utanisubiri.

Jumapili moja kanisani wakatangaza sadaka ya mavuno: kila mtu alete kilichoiva kwake. Kabla hatujatawanyika, baba mmoja alisimama kushuhudia kwamba alimuahidi Mungu mbuzi, na ng'ombe wake aliyekuwa amelala chini siku tatu akasimama. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga, nilikuwa nafikiri. Kumbe Mungu anapatana! Na kupatana nilikujua, maana nilikulia mnadani, chini ya meza ya karanga za bibi. Najua hutaji bei yako ya mwisho kwanza. Nikaanza na kilo tatu za pamba, mama arudi nyumbani. Kimya. Mnadani muuzaji akinyamaza huku anatazama pembeni, maana yake umemtajia bei ya kumtukana. Nikapanda hadi tano. Kimya, na baba akarudi anakokota baiskeli. Nikasema basi, kumi, sina nyingine, na nikageuka kama mtu anayeondoka, ili aniite. Hakuniita, lakini niliihesabu kuwa ni biashara iliyokubaliwa.

Bibi aliniruhusu kuokota pamba iliyosazwa kwenye mistari ya pembeni. Niliokota kila nikitoka shule, maganda makavu yakinichana vidole, nikilala nayo kwenye kitenge cha mama ili asinipunje mtu. Siku moja kabla ya sadaka nikaipeleka kwa jirani mwenye mizani. Sita na nusu. Nikamwomba apime tena. Sita na nusu. Sasa, mtu wa kwetu akipungukiwa uzito anajua la kufanya. Wengine hunyunyizia maji, wengine hutia mchanga, ndiyo maana karani wa kituo cha kununulia pamba alikuwa akizamisha mkono ndani ya furushi mpaka begani, akipapasa kama mkunga. Ila kanisani hakuna anayezamisha mkono. Nilikwenda nyuma ya zizi, nikachagua jiwe, nikalilaza katikati ya pamba kama yai.

Jumapili ya sadaka Mzee Masanja, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa na mizani. Akaliinua furushi langu, akasoma kwa sauti: "Minza, kilo kumi!" Watu walipiga makofi. Bibi alijipangusa macho, akaninong'oneza, "Wabeja, ng'wana wane," asante mwanangu. Sikulala vizuri. Nilimpunja nani? Na huyo niliyempunja ndiye anayemshikilia mama.

Jumatano baba alikuja anakokota baiskeli tangu mbali sana. Nilisikia maneno mawili tu akimwambia bibi: wanampasua leo. Basi, Mungu amekwisha kuzamisha mkono, nikajisemea. Amelipata. Nilikimbia hadi kanisani nikiwa na wazo moja, kulitoa jiwe kabla mambo hayajaharibika zaidi. Sikuhitaji kulitafuta. Lilikuwa mlangoni, limeuzuia mlango usipigwe na upepo, na ndani Mzee Masanja alikuwa akianika pamba ya sadaka kwenye turubai.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuchukua jiwe lako, au umeleta lingine?"

Nilianza kulia kabla sijajibu. Nikamweleza yote, tatu, tano, kumi, sita na nusu, na kwamba mama atakufa kwa sababu yangu. Alisikiliza bila kuacha kugeuza pamba.

"Atakufa kwa kilo tatu na nusu?"

"Nilimuahidi Mungu."

"Minza, hapa mwenye mizani ni mimi. Yeye hana." Akakaa chini kwenye turubai. "Mimi nimekugundua tangu Jumapili na sijakuchapa. Unadhani nina huruma kumzidi? Piga magoti, mwambie."

Nikapiga magoti, nikaanza, "Mungu, mama akipona nitaleta..."

"Hapana. Usimwahidi kitu."

Sikuwa na sala ya namna hiyo. Nilikaa pale mikono ikinisumbua, sijui niiweke wapi, hadi yakatoka maneno manne: "Mungu, mama anaumwa. Naogopa." Niliyahesabu mara mbili. Mzee akasema amina, akanipa upande wangu wa turubai nigeuze pamba. Hofu haikutoka. Ila ilikuwa mara ya kwanza kuwa nayo nikiwa na mtu mwingine, na jioni nilimaliza ugali wa bibi pamoja na mchuzi alionifunikia.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Mtoto hakurudi. Katika kupatana kwangu kote nilikuwa nimesahau kumtaja mtoto, na nilipomwambia mama hilo, alinivuta kwenye kitenge chake kilichokuwa bado na nyuzi za pamba. "Hukumsahau wewe. Mungu alimjua kabla yako. Nyamaza." Lakini mpaka leo kila kitu nahesabu mara mbili.

Leo nauza dagaa mjini Lamadi, na wateja wangu watakwambia sipunguzi bei kirahisi. Simu ikilia alfajiri naona baiskeli inakokotwa. Mwaka jana binti yangu alipoingizwa chumba cha upasuaji, nilijikuta kwenye benchi nimekwisha kufika gunia la pili la ahadi ndipo nikajishika mdomo. Nikarudi kwenye maneno yangu manne, nikabadili moja tu. Alitoka salama. Sijaambiwa kwa nini yeye, na si mdogo wangu yule. Nimeuliza, mara nyingi kuliko mbili.

Krismasi iliyopita nilikwenda kanisani kijijini. Mlango sasa ni wa chuma, una komeo, na komeo limeharibika. Jiwe lipo palepale. Niliinama, nikalinyanyua kulipima kwa mkono kama ninavyopima dagaa: tatu na nusu. Nikalinyanyua tena. Kisha nikalirudisha mlangoni, nikaingia mikono mitupu.