Chupa ya Kucha Pale Mapokezi

Mtu mzima na akili zake, kavaa suti, alipiga magoti mbele ya meza ya mapokezi ya kliniki yangu, akaanza kuhesabu kucha za watu kwa kidole.

Kucha za miguu. Zilizokatwa. Zimejaa ndani ya chupa kubwa ya kioo, ile ya mdomo mpana, imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi.

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Imetoka mlangoni, imeshuka ngazi, imefika mpaka kwa fundi viatu wa chini.

Na katika foleni nzima hakuna hata mmoja aliyekuwa anaumwa mguu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe. Mpaka leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mimi ni daktari wa miguu. Nikisema hivyo watu hucheka. "Kumbe miguu nayo ina daktari wake?" Inaye. Kucha zinazoota kuelekea ndani ya nyama, sugu zinazopasuka, fangasi, na zaidi ya yote vidonda vya watu wenye kisukari, ambao mguu unaweza kuoza na mwenyewe asisikie maumivu yoyote.

Usaha haujawahi kunitia kinyaa. Naufuta, naangalia rangi yake, naendelea na kazi. Nasema hili mapema mjue kwamba kinyaa ninachokisimulia hapa si cha miguu.

Niliacha kazi ya kuajiriwa, nikafungua kliniki yangu mwenyewe. Vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi viatu. Wagonjwa walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wengine walipanda ngazi zote zile, wakachungulia, wakauliza kama tunapaka kucha rangi.

Mgonjwa wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama mkwe wangu.

Mama ana kisukari, na alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Kila Jumatano alikuja amevaa kama anakwenda kuchumbia. Anakaa, anageuza uso ukutani, ananipa mguu. Hakutaka mtu mwingine aingie chumbani, hata mwanawe mwenyewe, mume wangu.

Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Kilihitaji kitu kimoja tu, kisikose kusafishwa. Kikikosa, kidole kinaondoka. Kikizidi kukosa, mguu unafuata.

Sasa mume wangu ana mdogo wake.

Huyu shemeji yangu ameshafanya kila kazi inayofanywa mtu akiwa amekaa. Mwaka ule alikuwa mtaalamu wa matangazo. Ana kadi zimeandikwa Mkurugenzi, na kampuni yenyewe ofisi yake ni simu iliyopasuka kioo.

"Mpe mdogo wangu nafasi," mume wangu akaniambia. "Wewe unajua miguu, yeye anajua watu."

Sikutaka. Lakini nani anamkatalia mumewe kuhusu ndugu yake halafu akala chakula kwa amani? Nikakubali.

Wiki hiyo hiyo nikaitwa kwenye semina ya jinsi ya kukuza kliniki. Nikamwachia shemeji mapokezi, apokee simu na kupanga miadi. Kule semina, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alitufundisha kwamba tusiseme mgonjwa, tuseme mteja. Viatu vyenyewe vilikuwa vinambana. Nilimwona anavyokwepa kukanyagia kidole kidogo, nikamwonea huruma.

Niliporudi kazini, ndiyo nikakuta hiyo foleni.

Nikamvuta shemeji pembeni. "Hii ni nini?"

"Shindano, shemeji. Unakisia kucha ziko ngapi, ukipatia unatibiwa bure. Video imesambaa mpaka basi."

"Kucha za nani?"

Akatabasamu. "Za wateja wako. Kwani za nani tena?"

Nikaibeba ile chupa kwa mikono iliyonyooka, uso nimeugeuza upande, nikaifungia stoo. Watu wakanizomea. Wakanizomea ndani ya kliniki yangu mwenyewe, jamani.

Jioni mume wangu akanivaa mezani.

"Foleni mpaka kwa fundi viatu, na wewe umenuna?"

"Zile ni taka za wagonjwa. Zinatakiwa zichomwe."

"Si ungezichoma foleni ikiisha."

Nikaweka kijiko chini. Sikula tena siku ile.

Chupa niliificha, lakini video ningeificha wapi? Shemeji alikuwa ameizungusha chupa polepole karibu na kamera, huku akisimulia kwa sauti ile ya watangazaji wa mpira. "Oneni hii ya njano, oneni hii nene kama gome la mti."

Kisha ukaanza kuingia ujumbe kwenye ukurasa wa kliniki mtandaoni.

Mmoja alitaka nitumbue jipu mbele ya kamera, polepole, na sauti isikike. Mwingine aliniomba nimweleze harufu. Mwingine, ana picha ya familia kwenye ukurasa wake, mke na watoto wamevaa sare, aliomba nimuuzie soksi za wagonjwa zisizofuliwa.

Nilikuwa nazima simu nakwenda kunawa mikono. Narudi, naiwasha, nakuta wengine.

Watu hao walikuja hata kliniki. Wanapiga picha mlangoni, wanauliza chupa iko wapi, wanaondoka. Shemeji anaita hilo kukua.

Wagonjwa wangu wa kweli wao wakaanza kupiga simu kwa sauti ya chini. Mpishi wa shule, ambaye nilikuwa namtibu fangasi, aliniuliza, "Daktari, samahani. Na zangu zimo?"

Nilimjibu sijui. Kwa sababu kweli sikujua.

Hakuja tena. Wengine hata hawakuuliza.

Jumatano ikafika, Mama hakutokea. Tangu nifungue kliniki hajawahi kukosa. Nikampigia.

"Nina wageni, mwanangu."

Jumatano iliyofuata akasema mvua. Nilichungulia dirishani. Jua lilikuwa linawaka, fundi viatu kavua shati.

Nikamtuma mume wangu. Akaenda, akarudi anapiga mluzi.

"Mama mzima kabisa. Kakaa anashona."

"Mguu umeuona?"

"Nitamwambiaje mama yangu anifunulie mguu?"

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamfuata shemeji pale mapokezi, anachezea simu, miguu yake kaiweka juu ya kiti cha wagonjwa.

"Mama yako haji kusafishwa kidonda. Kila nikimwita ana sababu. Ni kwa ajili ya ile chupa yako. Anadhani na kucha zake zimo."

Akacheka. Nawaambia alicheka.

"Mwambie apunguze presha. Hazimo zake, hazimo za mtu yeyote wa hapa. Zenu si mnazichoma? Ningezitoa wapi? Nilizoa saluni, zilikuwa zinafagiliwa."

Nikafungua stoo. Nikatandika gazeti, nikaimwaga ile chupa.

Kucha za mikono. Nyembamba, laini, nyingine bado zina rangi nyekundu ukingoni. Kulikuwa na za plastiki za kubandika. Kile alichokiita gome la mti kilikuwa kipande cha gundi iliyokauka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwa kutupa jicho mara moja. Mimi ninayetazama kucha kutwa nzima sikujua, kwa sababu tangu siku ile nilikuwa sijathubutu kuitazama.

Yaani alikuwa amedanganya hata kwenye uchafu.

Nikakimbilia sinki, nikatapika. Nilipomaliza nikanawa, nikachukua mkoba wa vifaa, nikamwambia shemeji, "Twende kwa mama yako. Sasa hivi."

Mlango wa Mama ulifunguka, manukato yakatupiga usoni. Manukato makali, ya kumwagwa, si ya kujipaka. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Mimi naijua hiyo harufu.

Alikuwa amekaa kitandani, shuka kajifunika kuanzia kiunoni kushuka chini.

"Mama, naomba mguu."

"Hujanisalimia hata kidogo, mkwe."

"Shikamoo, Mama. Naomba mguu."

Akageuza uso ukutani kama kawaida yake, lakini shuka hakuiachia.

"Hapa mtaani watoto wananiita Mama Chupa," alisema. "Kwenye kikao chetu cha akina mama simu yenye ile video imepita mkono kwa mkono. Mmoja akasema ule ukucha mkubwa wa njano ni wangu, anaufahamu. Wakacheka. Nami nikacheka nao, ningefanyaje?"

"Mama..."

"Baba yao niliishi naye mpaka namzika, hajawahi kuuona unyayo wangu mchana. Wewe nilikupa."

Machozi yalinitoka. "Mama, hazikuwa zako. Hazikuwa za mgonjwa yeyote. Zilikuwa za saluni. Huyu alitudanganya wote."

Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Kwamba ni yeye nilikuwa najua," alisema. "Sauti ile nimeizaa mimi."

Ndipo akaiachia shuka.

Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama. Nikakilowesha, nikakitoa polepole. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na cha pili kilikuwa njiani. Shemeji akatoka nje mbio. Tulimsikia anatapika ukutani mwa jirani, yeye aliyetaka nchi nzima itazame.

Hospitali walivikata vyote viwili. Daktari wa upasuaji aliniambia tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia goti. Mguu ulibaki. Nashukuru kwa hilo.

Muda wa kuona wagonjwa, tulikaa kando ya kitanda chake, mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa anamenya chungwa, anamaliza, anachukua jingine, na hakuna anayekula.

Shemeji akaingia. Akavuta kiti, akainama, akashika kichwa. Nikasema afadhali, leo ubinadamu umemrudia.

Akainua kichwa. Akatoa simu.

"Mama, nimekaa nimefikiria," akasema, na sauti imeanza kuchangamka. "Mguu huu tukiuonyesha watu wataelimika. Wengi wana kisukari hawajui. Na kliniki ya shemeji itafufuka. Uso wako hautaonekana, nakuahidi."

Mume wangu alisimama, machungwa yakamwagika, kisu bado kiko mkononi. Nadhani angemfanya jambo.

Mama akainua mkono, akamzuia.

"Mwache," alisema. "Piga, mwanangu. Mimi nimekubali."

Mume wangu akakiweka kisu chini.

"Lakini anza na uso wako," Mama akaendelea. "Jitazame hapo kwenye simu. Sema jina lako. Sema mimi ni nani kwako. Sema zile kucha ulizitoa wapi. Ukimaliza hayo, nigeuzie mimi, nitafungua bandeji kwa mkono wangu, na uso wangu nitauonyesha."

Shemeji akaigeuza simu. Akajiona. Akalainisha kola ya shati, akafungua mdomo, akaufunga. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula, anasubiri.

"Leo sijajiandaa, Mama," akasema.

"Na mimi sikuwa nimejiandaa."

Akaiweka simu mfukoni. Akatoka bila kuaga, na hakuna aliyemwita.

Siku hizi anatangaza magodoro. Mimi na yeye tunasalimiana misibani tu. Mume wangu aliniomba radhi, na kila Jumatano yeye mwenyewe ndiye anayemleta Mama. Anabaki nje ya mlango, kama Mama anavyotaka.

Ukurasa wa kliniki niliufuta. Kabla sijaufuta, niliandika ukweli wote, kwamba kucha zilikuwa za saluni, kwamba nimezichoma zote, na kwamba mgonjwa mmoja alipoteza vidole viwili kwa sababu ya aibu. Mtu wa kwanza kujibu aliuliza kama nilirekodi wakati zinaungua.

Wagonjwa wanarudi mmoja mmoja. Mpishi wa shule amerudi, na safari hii kamleta dada yake. Hiyo ndiyo foleni yangu, watu wawili, na wote wawili wanaumwa.

Funzo langu ni hili, kwa daktari mwenzangu na kwa yeyote anayefungua kazi yake mwenyewe. Watu wanatuletea kile wanachowaficha hata wanaolala nao. Atakapokuja mtu kukwambia ukitumie kujitangaza, usibishane naye kuhusu faida wala hasara. Mpe simu, mwambie aanze na uso wake.