Kwaya ya Tano

Kanisani kwetu Kikula zilikuwepo kwaya nne, zikipokezana Jumapili. Ubatizo nao ulifanyika kila Jumapili ya nne, padri akihesabu majuma bila kujali mwezi. Basi kila ubatizo uliiangukia kwaya ya vijana, pamoja na karamu zake. Sisi akina mama tulibaki na Jumapili kavu, na wenzangu wakaapa kwamba vijana wanampelekea padri kuku.

Mama yangu, niliyeimba naye, alikuwa na wajukuu wengi, na hakuna hata mmoja aliyebatizwa akisikia sauti yake. Nilipojifungua binti, alikataa abatizwe kabla ya zamu yetu: “Uyu mutoto, miye njo nitamuimbia. Kama haiko vile, basimubatize kwanza.”

Kuomba kubadilishana zamu kulikuwa kuomba vita. Vijana nao wana mama zao, ambao wangewatetea. Nikakumbuka hesabu ya shule niliyoichukia, zile namba mwalimu alizoita kwa Kifaransa “premiers entre eux”: mbili zisizo na kigawanyo cha pamoja isipokuwa moja. Nne na nne, kumbe, zilikuwa zimeshikana mashati.

Mkuu wa kwaya yetu akapendekeza tuunde kwaya mbili zaidi, ziwe sita. Nilikataa kwa hasira. Nne na sita zote zinagawanyika kwa mbili. Ubatizo ungeruka kwaya moja kila mara, na tatu kati yetu zingengoja mpaka kiama. Tano haina cha kugawana na nne, kwa hiyo ubatizo ungezunguka kwaya zote.

“Namba yako itaimba?” mkuu akaniuliza.

“Namba haiimbake, mama. Inapangaka.”

Baada ya miezi mingi ya mabishano na mazoezi, kwaya ya tano ikawa ya akina baba, wengi wao watu wa mgodini waliozoea kupigiana kelele kuzidi mngurumo wa mashine. Zamu ikaanza kuhama. Ubatizo ulipowafikia akina baba, watoto wachanga walilia kuliko kawaida. Sisi tukawa wa mwisho.

Kufikia hapo binti yangu alikuwa ameanza kutembea. Watu walicheka alipoingia kwa miguu yake, gauni jeupe likimbana. Sikujali, sijawahi kuipenda hesabu kama siku ile.

Padri akammwagia maji, mama akaanzisha wimbo. Binti akageuka, akajitoa mikononi mwangu, akaenda akiyumba hadi kwenye kwaya na kukishika kitenge cha bibi yake.

Mama akanyamaza katikati ya ubeti. Ilibidi tuumalize wimbo bila yeye.