Mifupa Mbele Yake

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa Mlandege, bibi mtu mzima, huanza siku kwa kuchagua choroko, miwani puani, vidole vyembamba vikitupa vijiwe bila haraka. Tangu daktari amwambie damu yake ina mafuta mengi, ajaribu kubadili chakula kwanza kabla ya vidonge, jikoni mwake hamnukii samli tena. Mnanukia kitunguu thomu, uji wa shayiri na samaki wa kuchoma. Halalamiki, wala hamhubirii mtu.

Juzi arusini tulikaa sinia moja la biriani. Kila pande la nyama nono alilichambua kwa vidole, akalisukuma upande wangu. "Kula, mwanangu, wewe bado kijana." Yeye akala kachumbari na wali kidogo wa pembeni. Nilipomaliza, nikamwona akiivuta mifupa yangu, mmoja mmoja, akiipanga mbele yake. Mama wa bibi arusi, aliyeshinda kwenye masufuria tangu alfajiri, akapita kututazama. Akaiona ile mifupa, uso ukamchanua.

"Leo umekula, Bi Mkubwa!"

"Nshakula mpaka basi. Umepika, mwanangu," akajibu, huku akinifinya goti nisicheke.