Bahasha Iliyosahaulika Kitabuni

Mama Mihuri alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu nilipomfahamu vizuri. Jina hilo walimpa wanafunzi, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyegonga muhuri wa tarehe kwenye kila kitabu kilichotoka na kurudi katika maktaba ya chuo. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na kidole gumba chake kilikuwa na wino wa zambarau ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Mjukuu wake aliamini bibi alizaliwa nacho hivyo.

Mimi nilimfuata kwa shida zangu. Ofisi ya wahitimu ilikuwa imenikabidhi blogu ya kuwaunganisha watu waliowahi kusoma chuoni, nami nilikuwa nimeijaza hotuba za wakubwa na picha za watu wakikata utepe. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Makala sita, maoni mawili, na moja lilikuwa la mama yangu mzazi, akiuliza kama nimekula.

Nilimuuliza Mama Mihuri kama ana picha za zamani. Aliinama, akavuta katoni kutoka chini ya meza, akanisukumia kwa mguu. Ndani mlikuwa na vitu ambavyo wanafunzi waliviweka kitabuni kuashiria ukurasa, wakavisahau: tiketi za basi, ratiba za mitihani, jani lililokauka, cheni nyembamba ya fedha, na orodha ya sababu za kumwacha mtu fulani, yenye sababu moja tu, nayo imekatwa. Kila kimoja kilikuwa na karatasi yenye namba ya kitabu na tarehe kiliporudi, kwa mwandiko wake wa penseli.

Chini kabisa kulikuwa na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Juu yake paliandikwa "Kwa Mama", basi. Hakuna jina wala anwani. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na hakuwahi kuifungua.

"Hivyo vingine ni takataka nzuri tu," aliniambia. "Lakini hiyo, mwanangu, kuna mama mahali hajaipata. Nikistaafu kabla haijafika, sitatulia."

Na mkuu wa maktaba alikwisha kumwambia kwamba siku atakayoondoka yeye, katoni nayo iondoke.

Nilianza vibaya. Nilipiga picha ile cheni, nikaiweka kwenye blogu na kueleza kila kitu, kuanzia kitabu hadi tarehe. Kufika saa sita mchana ilikuwa na wenyewe tisa. Mmoja alidai aliipoteza mwaka ambao, kwa hesabu yangu, alikuwa darasa la nne. Mama Mihuri alicheka mpaka miwani ikamtoka puani. Akanieleza kwamba mezani kwake mtu haulizwi amepoteza nini. Anaulizwa alikuwa anasoma nini.

"Ficha kitabu," alisema. "Mwenye mali atakikumbuka. Mwizi hasomi."

Tangu hapo kila Jumatatu niliweka kitu kimoja na swali moja: kilikuwa ndani ya kitabu gani? Maoni yakafumuka kama siafu. Hata wasiopoteza kitu walibahatisha, wakabishana kuhusu rafu, wakakumbushana feni iliyolia kama kinda la ndege. Daktari mmoja wa meno alipojitia kukumbuka maktaba, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alimjibu kwamba huko alikwenda siku za mvua tu. Mwenye lile jani lililokauka akapatikana: mwalimu mstaafu aliyetaja kitabu cha magonjwa ya mimea bila kusita. Kila asubuhi nilimchapishia Mama Mihuri maoni yote, naye aliyasoma penseli mkononi, akiwasahihisha waliokosea rafu.

Bahasha aliikatalia. Aliogopa kumwaibisha mtu. Zilipobaki wiki mbili ndipo akaniruhusu. Majibu yalikuja zaidi ya mia tatu, na hakuna hata moja lililokuwa sahihi. Wiki ya pili yakakauka. Nilimwona Mama Mihuri akiitoa bahasha kwenye droo na kuirudisha.

Siku yake ya mwisho, akiwa amekwisha kumkabidhi mrithi wake muhuri, mwanamume mwenye kitambi aliingia akiwa ameshikwa mkono na bibi kizee. Dada yake, alisema, ndiye aliyemwonyesha ile blogu.

"Kilikuwa cha hesabu za madaraja," alisema. "Kijani. Ukurasa wa arobaini sikuuvuka."

Mama Mihuri aliisoma karatasi ya penseli iliyoambatana na bahasha, akaona ndicho, akaketi.

Mwanamume akaeleza. Mwaka wa kwanza alimwandikia mama yake barua, na akaamini ameitia kwenye mzigo wa nguo ambao jirani aliubeba kwenda nyumbani. Akangoja jibu. Lilipokosekana, akadhani mama amekasirika mpaka amenyamaza. Akaona aibu kurudi, akasoma kwa aibu hiyohiyo hadi akamaliza. Sasa anajenga madaraja.

Bibi aliichana bahasha kwa ukucha, akampa Mama Mihuri asome, kwa kuwa macho yake mwenyewe yalikuwa yamechoka. Ilikuwa mistari miwili: masomo yamenishinda, nakuja nyumbani mwisho wa mwezi, usimwambie baba.

Bibi alimtazama mwanawe kutoka viatu hadi kitambi.

"Ingenifikia, ningekuja kukuchukua mwenyewe," akasema. "Na ungekuwa pale nyumbani hadi leo, unanimalizia chakula." Kisha akamgeukia Mama Mihuri, akamshika mikono yote miwili. "Dada yangu, ahsante kwa kuchelewa."

Mama Mihuri alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamwomba mrithi wake muhuri, mara moja tu, akaugonga kwenye ile bahasha.

"Na kile kitabu," akamwambia mhandisi, "ulikirudisha umekikunja kwenye ukurasa wa arobaini. Usidhani sikuona."