Mizani ya Mume Wangu

Uhuru ulinikuta kitandani, hospitalini Bujumbura. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimenisumbua miaka minne, na siku nilipotapika damu mume wangu alinipandisha kwenye lori la ndagala, dagaa wa ziwa letu, akanishika kichwa kutoka Rumonge mpaka mlangoni kwa daktari. Walikata zaidi ya nusu ya mfuko wa tumbo langu. Siku ya bendera, ngoma zikilia barabarani, wagonjwa wote wa wodi yetu waligawiwa soda. Masera, mtawa aliyetuuguza, akakiruka kitanda changu.

"Wewe sukari hapana," akasema.

Nililia kwa ajili ya ile soda.

Kabla ya hapo nilikuwa mama mnene, kilo themanini na kitu, na watu walinisifu kwa mwili ule. Nilitoka hospitalini na kilo sitini. Masera alinikalisha, akanipangia maisha upya. Nile mara sita kwa siku, kiasi cha kiganja tu. Samaki kwanza, ugali baadaye. Nitafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Maji ninywe peke yake, si pamoja na chakula. Sukari na mawese niviogope.

"Na kila mwezi ujipime," akasema. "Usirudi themanini. Lakini ukishuka chini ya hamsini na nane, mwili unajila wenyewe. Hapo uongeze chakula."

"Murakoze, masera," nikamshukuru kwa moyo wote. Niliyashika maneno yake kuliko nilivyoyashika ya mama yangu. Alfajiri nilikunywa uji wa mtama, saa nne nikala kipande cha samaki mukeke wa kuchemsha, adhuhuri ndagala na mboga ya lengalenga na matonge mawili ya ugali. Majirani walisema nimekuwa mzungu, nakula kwa saa. Harusini nilikaa na kibakuli changu nilichotoka nacho nyumbani, na niliwaacha waseme.

Kupata mizani hakukunisumbua. Mume wangu alinunua ndagala wakavu kwa wavuvi wa Rumonge na wa Magara, na ghalani kwake ilikuwepo mizani kubwa ya magunia, yenye bamba la kusimamia na mkono wa chuma ambao jiwe lake husogezwa mpaka utulie. Miongoni mwa waliomuuzia alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, ambaye nilimbeba mgongoni. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya swala, mume wangu alifunga mlango wa ghala, nami nikavua viatu nikapanda. Alisogeza jiwe taratibu, akasoma: sitini, sitini na moja. Siku hiyo alinitania hadi jioni. Kwa kweli hatukuwa na saa nyingine tulizokaribiana hivyo.

Mwaka wa tatu, Ijumaa moja, alisogeza jiwe, akalirudisha, akalisogeza tena.

"Iko hamsini na nne," akasema.

"Haiwezekani. Mwezi uliopita nilikuwa sitini."

Alilitazama jiwe. Kisha akasema, "Kula, mama. Ongeza."

Nikaongeza. Mara sita zikawa nane. Nilitia mawese kwenye maharagwe, sukari kwenye uji. Tumbo lililobaki halikutaka. Nikimaliza kula, moyo ulienda mbio, jasho likanitoka, macho yakaona giza, nikalala chini kwenye saruji mpaka ipite. Mara nyingine nilikimbilia choo nusu ya siku. Nilifanya hivyo miaka saba. Mume wangu aliniona nimelala pale chini, akaniletea mto. Kila nilipopanda mizani na kukuta hamsini na tano, hamsini na sita, nililia, na yeye akanishika bega. Mwishowe nikafika hamsini na tisa, akanichinjia kuku.

Kisha mwaka wa sabini na mbili watu wakaanza kuuawa kwetu, mtaa baada ya mtaa. Mdogo wangu alikuja alfajiri, akatuambia tusibebe kitu. Alitupakia mimi, mume wangu na binti yetu katika mtumbwi wake, akatupitisha mbali na ufuko, tukapita Nyanza-Lac na Kabonga mpaka upande wa Tanzania. Hakutuomba chochote. Mume wangu hakumsemesha hata neno moja, nami nikadhani ni hofu.

Kambini tulikaa wiki sita kwa unga na maharagwe, na hayakutosha. Nguo zilinipwaya. Muuguzi wa zahanati alipotupima, nilimwambia mapema, "Mimi utakuta arobaini na kitu. Usishtuke, nimekatwa tumbo."

"Uko sitini, mama," akasema.

Nilimwomba apime tena. Akapima. Akaweka gunia la unga lenye uzito ulioandikwa, akaniita nitazame mwenyewe. Mizani yake ilikuwa sawa.

Nilimkuta mume wangu nje ya hema, anakarabati kiatu. Nikasimama mbele yake.

"Jiwe la mizani yako lilikuwa na nini?"

Hakuuliza ni jiwe gani. Aliweka kiatu chini.

"Risasi," akasema. "Nililitoboa, nikamimina risasi iliyoyeyushwa ndani. Jiwe likiwa zito, mizani husoma pungufu. Wanunuzi wote walifanya."

"Na mimi nilipopanda?"

"Mimi nilijua uko salama. Kichwani nilikuwa naongeza kilo zilizofichwa."

"Ulinitazama nikilala kwenye saruji."

"Ningekuambia, ungemwambia mdogo wako. Na ufuko mzima ungejua."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida la kazi. Aliyenishika kichwa ndani ya lori na aliyeniambia "Kula, mama" ni mtu mmoja, na mpaka leo sijaweza kumgawa.

Tuliendelea kuishi hema moja, kwa sababu hapakuwa na lingine. Nilirudia mpangilio wa masera siku ileile, hata kwa unga wa kambi: kidogo, mara sita. Baada ya mwezi jasho na giza vikaisha. Uzito ulishuka kidogo, ukatulia.

Nilimtafuta mdogo wangu ufukoni, nikamweleza habari ya jiwe. Nilitegemea atakasirika. Alikuwa anaziba ufa wa mtumbwi, na hakuacha kazi.

"Tulijua, dada. Mvuvi hujua mzigo wake kwa bega."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mlikuwa mnajifungia ghalani, mizani iko humo ndani. Nilidhani mlipanga pamoja. Nilidhani unakula jasho langu."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Nilimfunulia kovu langu, nikamweleza habari ya saruji, na mto, na kuku. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, dada," akachovya kitambaa kwenye lami, akaendelea kuziba. Sijui kama aliniamini.