Mama Sindano na Tundu la Beringi

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Sindano ametengeneza vyerehani, na muda huo wote amekuwa na desturi moja: mota hupimwa mkanda ukiwa umevuliwa. Ikizunguka bila kelele, ni nzima. Ijumaa iliyopita, desturi hiyo nusura imkoseshe nafasi aliyoisubiri mwaka mzima.

Sebuleni kwake, palipokuwa na meza ya chakula, imesimama mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Ameiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu na mota mbili za servo. Seremala mwenye karakana mtaa wa pili alikuwa amemwahidi kona ya kufanyia kazi, kwa sharti moja: mashine itoboe ubaoni tundu la duara ambalo beringi, ile pete ya chuma yenye gololi, itaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo, na isidondoke ubao ukipinduliwa. Angekuja saa nane mchana. Saa nne asubuhi, tundu la tano lilitoka na ukingo wa mawimbi.

"Hilo umetoboa au limetafunwa na panya?" aliuliza mumewe, dereva wa lori aliyekuwa mapumzikoni.

"Baba Watoto, kama huna la kusaidia, kanywe chai."

"Ninywee wapi? Mahali pa meza umempa bwana wako wa pili, hilo limashine."

Mota ya servo huagizwa ifike mahali fulani, na kihisi kilicho nyuma yake huieleza imekosea kwa kiasi gani. Fundi huipangia namba tatu. Ya kwanza huamua ivute kwa nguvu gani kuelekea ilikotumwa. Ya pili huishikia breki inapokaribia. Ya tatu humalizia kosa dogo linalobaki. Mama Sindano alizipata namba zake mikanda ikiwa sakafuni, na kwenye kompyuta mstari wa agizo na mstari wa mwendo ililaliana kabisa. Alipofunga mikanda, mashine ilitetemeka na kunguruma. Akaikaza mikanda, akailegeza, akazitia mafuta reli za mashine. Wapi!

Akaivua mikanda kwa mara ya nne. "Ona, inazunguka kama hariri. Mota hazina kosa."

"Hapo hazijabeba kitu," alisema mumewe. "Mimi nikizoea breki za lori tupu, halafu nikapakia tani kumi, nitasimama wapi?"

"Utasimama sebuleni kwa watu."

"Haya basi."

Mama Sindano aliishusha bisibisi. "Ngoja," alisema. "Ngoja, ngoja, ngoja!"

Akarudisha mikanda, akafuta namba zote, akaanza upya mashine ikiwa na mzigo wake. Alipandisha namba ya kwanza kidogo kidogo mpaka mota ikalia, akairudisha chini. Akaongeza breki. Mtetemo ukafa. Mstari wa mwendo uliokuwa ukipitiliza ukashuka, ukalala juu ya agizo. Ya tatu aliigusa tu. Akahamia mota ya pili.

"Imetulia! Baba Watoto, njoo uone!"

"Nipo nyuma yako."

"Basi ona!"

Seremala alifika saa saba na nusu, beringi ikiwa ndani ya leso. Tundu la sita lilikuwa limetoka sasa hivi, vumbi lake la mbao bado halijafutwa. Alipitisha kidole ukingoni, akarudia, kisha akaweka beringi na kukandamiza kwa gumba. Iligoma kidogo, ikazama. Akaupindua ubao. Mama Sindano alimshika mumewe kifundo cha mkono. Seremala akautikisa mara mbili. Hakikudondoka kitu.

"Nyundo mmeificha wapi?"

"Kagua nyumba nzima, fundi!"

Hakukagua. Alitoa futi ya chuma, akapima upana wa mashine, kisha wa mlango.

"Jumatatu," alisema. "Kona ya dirishani, penye mwanga."

Mama Sindano alikuwa ameshainama na kushika upande mmoja wa mashine.

"Jumatatu ni mbali, fundi. Shika huko."