Nilivyosahihisha Shajara ya Mume Wangu

Mume wangu aliniomba nisahihishe maisha yake Ijumaa moja jioni, kabla hajavua viatu.

"Mwalimu," alisema, maana aliniita kwa kazi yangu kila alipotaka kitu, "kesho twende wote Malaba. Kuna kitu changu nataka uangalie. Beba ile kalamu yako nyekundu."

Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Tuliishi Busia mjini. Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Mundika, naye alikuwa ejenti wa kliaringi Malaba, yaani kazi yake ilikuwa kuhakikisha karatasi za lori zimefika upande wa Uganda kabla ya lori lenyewe. Siku za kazi alilala hukohuko, akarudi nyumbani mwisho wa wiki akinuka dizeli na wino wa mihuri. Sikuwahi kumwona akiandika kitu kirefu kuliko maelezo ya mzigo wa chumvi.

Njiani alinieleza. Tajiri wao wa Mombasa alikuwa ameipelekea ofisi ya Malaba kompyuta, ili habari za mizigo ziende kwa intaneti. Wengi waliitazama kwa huruma, kwa sababu redio ilikuwa imesema kompyuta zote zitakufa mwaka ukigeuka. Lakini dada aliyeajiriwa kuiendesha, msichana wa Amagoro mwenye subira nyingi, alikuwa amemwonyesha mume wangu ukurasa wa Mmarekani mmoja aliyeandika kila siku alichokula, alichoota, na jinsi paka wake alivyokuwa anaendelea na ugonjwa wa figo.

"Watu wanasoma?" nilimuuliza.

"Wanasoma! Wanamtumia paka salamu! Nikajiambia, huyu ana paka tu. Mimi nina mpaka."

Basi alikuwa amefungua ukurasa wake mwenyewe, wa bure, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiandika humo baada ya kazi. Sasa alitaka kuutangaza kwa dunia, na dada wa kompyuta alikuwa amemshauri kwamba kabla ya kutangaza, mtu mwingine autathmini kwanza, maudhui na sura yake. Nilifurahi kuchaguliwa. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameanza kwa kumwomba mhasibu wa ofisi yao, na mhasibu akakataa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye kaunta, kalenda ya kiwanda cha saruji na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Dada aliifunua. Simu ikalia, ikakoroma, ikapiga mayowe, kisha ikanyamaza, naye akasema tumeingia. Tukangoja. Dereva mmoja aliingia kuuliza karatasi zake, akajibiwa, akaenda kunywa chai, akarudi, na bado picha ya kwanza ilikuwa inashuka polepole kutoka juu. Ilikuwa bendera ya Kenya. Ilipepea. Chini yake palikuwa na tufe la dunia linalozunguka, na chini ya tufe, nyota za manjano zikimetameta juu ya anga jeusi. Maneno yenyewe yalikuwa ya kijani, isipokuwa mengine yaliyokuwa mekundu, na kichwa kilikimbia kutoka kulia kwenda kushoto hivi kwamba ilibidi ukisome ukigeuza shingo.

"Unaonaje?" mume wangu aliuliza.

"Naona nyota."

"Bado hujasoma, mwalimu. Soma."

Nilikuwa nimejiandaa na mwongozo wangu wa kusahihisha insha: maudhui, mtindo, sarufi, hati. Hapo kwenye hati nilikwama mara moja, kwa kuwa hati ilikuwa ya mashine, nikaamua alama zake nizipe nyota, ambazo hazikuzistahili. Kwenye sarufi kalamu nyekundu ilipata kazi. *Malori imepanga laini mpaka Amagoro.* Malori yamepanga. *Mvua ilinyesha na magunia yote ilirowa.* Yalirowa. Niliandika haya kwenye karatasi, kwa sababu dada alikuwa amenikataza kwa upole kugusa skrini na kalamu.

Lakini kuhusu maudhui, nilishangaa. Mzee alijua kuandika. Palikuwa na habari ya tanboi wa Kitale, utingo wa lori, aliyelala juu ya mzigo akaamka yuko nchi nyingine, bila kujua aombe msamaha kwa nani. Palikuwa na mama Mganda aliyevuka kila asubuhi na kuku mmoja na kurudi jioni na kuku huyohuyo, mpaka maofisa wakaanza kumsalimu kuku. Palikuwa na mimi pia. *Mke wangu ni mwalimu. Hupika vizuri na hasemi sana.*

"Hasemi sana?" nilisema.

Dada wa kompyuta alikumbuka ghafla kwamba kuna karatasi za kupanga upande wa pili wa kaunta.

"Ni sifa hiyo," alisema mume wangu.

Niliandika: *Maelezo ya wahusika hayatoshi.* Nikaendelea kushuka. Karibu na mwisho nilifika mahali palipokuwa tupu. Nyota zilikuwapo, anga lilikuwapo, lakini maneno hayakuwapo. Au tuseme, ukisogeza uso uliona vivuli vya herufi, zambarau iliyoiva sana juu ya weusi.

"Hapa umekosea rangi," nilimwambia. "Hapasomeki kabisa."

"Hapo paache."

"Msomaji atafikiri ukurasa umeharibika."

"Afikiri tu. Paache."

Alisema hivyo kwa sauti aliyotumia na madereva wabishi, kisha akaitwa nje, lori la mtu lilikuwa limekataliwa getini. Nilibaki na dada. Nilimwambia kwamba macho yangu yamechoka na nyota, na kwamba kama ingewezekana ningependa kuipata kazi yote kwenye karatasi, nikaisahihishe nyumbani kama ninavyosahihisha za wanafunzi. Alisema hiyo ni rahisi. Printa yao ilikuwa ile ya kupiga kelele, ya kuchapa karatasi za mizigo, na ilikuwa na wino wa rangi moja tu. Ikakwaruza, ikakwaruza, ikatoa ukanda mrefu wenye matundu pembeni. Bendera ilitoka kama dirisha lililovunjika. Anga na nyota hazikutoka. Maneno yote yalitoka meusi juu ya karatasi nyeupe, kila neno sawa na mwenzake, na pale palipokuwa tupu palikuwa na aya.

*Mtoto wetu wa kwanza angekuwa anaingia kidato cha kwanza. Siku aliyozikwa nilikuwa Tororo natafuta karatasi ya lori ya sabuni. Nilifika Khunyangu kaburi imeshafunikwa. Mama yake hajawahi kuniuliza kwa nini nilichelewa. Nangoja aniulize.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Mtoto huyo aliishi wiki chache, akaondoka na homa, tukamzika kwa wazazi wa mume wangu. Tulipata mabinti wawili baadaye, wakakua, na jina la kaka yao halikutajwa mezani hata siku moja. Mimi sikumuuliza mume wangu kwa sababu nilidhani kumuuliza ni kumlaumu. Nilidhani pia, na hili liliniuma zaidi, kwamba alikuwa amesahau. Kumbe alikuwa amelitangaza duniani kote, kwa rangi isiyoonekana.

Dada aliniletea kiti. "Mama, printa imekosea?"

"Hapana," nilisema. "Imechapa vizuri."

Nilikunja ukanda ule, nikarudi Busia peke yangu, nikaacha ujumbe kwamba nimechoka.

Kesho yake, Jumapili, tulitoka kanisani, mabinti wakatangulia na marafiki zao, sisi tukafuata nyuma polepole. Nilikuwa nimepanga maneno mengi wakati wa mahubiri. Yote yakanitoka, nikasema lililobaki.

"Mzee, siku ile ulichelewa wapi?"

Hakuuliza siku gani.

"Tororo."

"Tororo najua. Nieleze."

"Uliisoma? Ile haikuwa inasomeka."

"Printa yenu haijui rangi."

Akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akaanza kueleza akitazama barabara. Habari za mtoto zilimkuta Tororo na lori mkononi. Hakuweza kuliacha, kulikuwa na dereva ndani, na sabuni ya watu. Ilibaki muhuri mmoja tu. Mwenye muhuri hakuwapo. Akaambiwa angoje, anarudi sasa hivi. Akangoja asubuhi, akangoja mchana.

"Alikuwa wapi?"

"Mazishini," alisema mume wangu. "Alikuwa amefiwa na jirani. Nilikaa pale kwenye benchi nikimlaani, mwalimu, nikisema, huyu mtu anawezaje kuacha kazi aende mazishini."

Hapo alisimama. Nami nikasimama. Watu wa kanisani wakatupita wakitusalimu, na sisi tukaitikia wote, vizuri kabisa, huku tunalia.

Tulipofika nyumbani nilimpa tathmini yake, ukurasa mzima, kwa wino mwekundu. Nilipendekeza maneno meusi juu ya nyeupe, kichwa kikae mahali pamoja, bendera ipunguzwe au itulie, na maelezo kuhusu mke yaandikwe upya na mtu anayemfahamu. Aliisoma kwa makini, akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi.

"Ile aya hukuisahihisha. *Lori ya sabuni.* *Kaburi imeshafunikwa.* Hata mimi najua hapo kuna makosa."

"Iache."

Desemba tulikwenda wote Khunyangu, na mabinti, tukapalilia kaburi na kulizungushia mawe. Wasichana waliuliza maswali yote ambayo mimi sikuyauliza, mmoja baada ya mwingine, na baba yao akajibu mpaka sauti ikamkauka. Nilingoja kwa hamu kuona ataandika nini kuhusu siku hiyo. Aliandika kwamba barabara ya Butula ni mbaya na inahitaji changarawe.

Hata hivyo alibadilisha rangi. Si ya ukurasa wote, nyota alikataa katakata kuziondoa, lakini ile aya aliifanya nyeupe, na juu ya weusi ule ikawa ndicho kitu pekee kilichosomeka bila taabu. Mwaka uligeuka, kompyuta haikufa, na siku moja ikaja barua ya kwanza ya msomaji asiyemjua, mtu wa kwetu aliyekuwa akiishi ng'ambo. Mume wangu aliichapisha akaniletea Busia, akanisomea amesimama mlangoni.

"Ndugu," msomaji alikuwa ameandika, "nimesoma habari za mtoto wenu na zimenigusa sana. Poleni. Swali langu ni moja. Je, unaweza kunitolea gari bandarini Mombasa?"

Alimjibu kwa kurasa tatu.